Mume aliyemtafutia mkewe mchepuko

Kuna nchi ambayo mpaka mwishoni mwa mwaka 1970 mume na mke hawakuweza kupeana talaka hata wakichukiana namna gani, lakini mume akimfuma mkewe na mwanaume mwingine akamuua kwa hasira, sheria ilimpa miaka mitatu mpaka saba basi, na hapo bado hujahesabu misamaha. Siongelei enzi za Warumi na simba wao. Ni Italia, hii hii ya Juventus na Vespa. Kifungu chenyewe ni namba 587 cha kanuni ya adhabu ya mwaka 1930, enzi za dikteta Mussolini, na kilibaki kwenye vitabu mpaka Agosti 1981. Kuua kwa kawaida kulianzia miaka 21. Sasa piga hesabu mwenyewe. Mtu kamchoka mkewe, mlango wa talaka haupo, halafu anagundua kati ya muuaji wa kawaida na muuaji aliyechafuliwa heshima kuna tofauti ya miaka 18 hivi, aisee lazima atatokea mmoja atakayekaa chini na kalamu na karatasi.

Huyo mmoja ni Baroni Ferdinando Cefalù, nyumbani wanamwita Fefè, na muvi yake inaitwa Divorzio all'italiana, yaani talaka kwa mtindo wa Kitaliano, ya mwaka 1961, nyeusi na nyeupe, dairekta ni Pietro Germi. Naisimulia mpaka mwisho, nasema mapema. Ina zaidi ya miaka 60 sokoni kwahiyo mtu asije kunilaumu nimemharibia utamu.

Fefè anaishi kwenye mji mdogo wa Sicily unaoitwa Agramonte, mji wa kutunga, ila picha walipiga kwenye miji ya kweli kama Ispica na Ragusa Ibla, ndio maana yale makanisa na zile ngazi za mawe zinaonekana zimechoka kikweli kweli. Familia ni ya kibaroni lakini hela imeisha, mzee kaifuja, mpaka sehemu ya kasri imeangukia mikononi mwa ami. Kwahiyo wanaishi wamebanana, korido moja, madirisha yanatazamana, mzee anamsumbua mfanyakazi wa ndani, dada mtu anafanya mapenzi ya kuibia na mchumba wake ambaye kazi yake ni kuzika maiti. Na joto lile la mchana ambalo watu wote wanajifungia ndani kulala, mji mzima kimya. Hana kazi huyu Fefè. Kazi yake ni nywele. Usiku anazilaza kwa mafuta na kuzivalisha wavu, asubuhi anazichana, anawasha sigara kwenye kile kibomba chake kirefu, anavaa miwani nyeusi anatoka kwenda klabu kukaa na wanaume wenzake wasio na kazi, mada ni moja tu, wanawake.

Aliyecheza Fefè ni Marcello Mastroianni. Kuna kitu kidogo anakifanya na mdomo, kona moja inavutika inatoa kamlio, tss, kama mtu mwenye kipande cha nyama kimenasa kwenye jino. Anafanya akiwa na wasiwasi, anafanya akiwa na tamaa, na anafanya akishapata wazo baya, na kufikia katikati ya muvi ukishasikia tu ile tss unajua hapa kuna mtu ataumia. Wakati huo Mastroianni ndio alikuwa handsome boy wa Italia nzima, halafu anakuja kujivalisha ujinga namna hii kwa raha zake. Walimpendekeza kwa Oscar ya muigizaji bora, akaikosa kwa Gregory Peck. Germi naye alipendekezwa kama dairekta. Mswada ndio uliorudi na tuzo, Oscar za 1963, Germi pamoja na wenzake Ennio De Concini na Alfredo Giannetti. Na nadhani ni haki kabisa, maana ukiondoa Mastroianni kitu kinachoua kwenye hii muvi ni mswada, umepangwa hatua kwa hatua mpaka unaogopa.

Mkewe anaitwa Rosalia. Rosalia anampenda mumewe, na hilo ndo tatizo lake lote. Asubuhi kabla jamaa hajafungua macho vizuri anaulizwa, Fefè unanipenda, unanipenda kiasi gani. Anaongea sana, anacheka kwa sauti, nyusi zimekutana katikati, na juu ya mdomo kuna kivuli cha sharubu. Fefè akimtazama tunamwona kwa macho ya Fefè, akichoka tunachoka naye. Halafu anaanza kuota. Wapo wanapika sabuni uani kwenye sufuria kubwa, Rosalia anakoroga, ghafla Fefè anamchoma kisu anamsukumia humo humo kwenye sabuni. Wapo ufukweni, Rosalia anazama kwenye mchanga taratibu huku bado anaongea. Kuna moja wanamrusha na roketi kwenda angani (1961 hiyo, mwaka ambao Gagarin, binadamu wa kwanza, alikwenda, dunia nzima ilikuwa inaongelea roketi). Na unacheka. Mi nilicheka mpaka machozi hapo kwenye mchanga, kwa sababu hanyamazi jamani, anazama na bado anaongea.

Sababu ya kumchoka ni Angela, binamu yake Fefè, bado anasoma shule ya masista, mtoto kabisa mbele yake. Fefè anamchungulia kupitia dirisha la bafuni. Germi haipambi hiyo, anamwonyesha mzee mzima kajikunja dirishani kama mwizi, na ukitaka kujua dairekta anamwonaje huyu mtu basi jibu ni lile dirisha.

Sasa Fefè hana talaka. Wapo waliokuwa wanakwenda kuomba kwenye mahakama ya kanisa ndoa ibatilishwe, ila hiyo inataka hela na miaka, yeye hela hana. Kutengana kisheria kulikuwepo lakini ukitengana huwezi kuoa tena. Katikati ya kuwaza hivyo inatokea kesi mjini Catania, mwanamke kampiga risasi mwanaume aliyemsaliti, wakili wake anaitwa De Marzi, mtu wa maneno mengi kama mahubiri ya mazishi, anaongea mpaka mahakama inalia, na mwanamke anapata adhabu nyepesi. Fefè yumo ukumbini anasikiliza. Unamwona anaelewa. Tss.

Anakwenda kufungua kitabu cha sheria anasoma kifungu 587 na hapo muvi inageuka kuwa kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye muvi nyingine yoyote ya usaliti. Kila muvi ya usaliti mtu anachepuka anaficha, mwenzie anagundua, moto unawaka. Hapa mtu anayetaka kuchepuka ni mume, na ili afanikiwe inabidi mke ndo achepuke kwanza! Na mke hataki. Mke anampenda yeye. Kwahiyo baroni mzima, ukoo wenye nembo mlangoni, anageuka kuwa kuwadi wa mkewe mwenyewe. Anaanza kumpamba Rosalia, anamtoa matembezi jioni, anachungulia kwa pembeni kuona kama kuna mwanaume anamtupia jicho, na akipatikana anayetupa jicho Fefè anafurahi jamani, anafurahi kama baba anayeona posa inakuja.

Huku kwetu fumanizi tunalijua vizuri. Magazeti ya udaku yameishi miaka na miaka kwa fumanizi, mjumbe anagongewa usiku, majirani wanajaa dirishani, mtu anatolewa nje kajifunga shuka. Na kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971 ya Tanzania kuna kifungu kabisa cha kumdai fidia mtu aliyezini na mumeo au mkeo, wenyewe tunaita fidia ya ugoni, na stori za watu wanaodaiwa kutega fumanizi ili wale hela ya mtu zipo nyingi mtaani. Ndo maana nikiangalia Fefè sikuona mgeni. Tofauti ni kwamba yeye hategi ili apate hela. Anatega ili apate mjane, yaani mjane mwenyewe awe yeye.

Anampata Carmelo Patanè. Carmelo ni mchoraji, zamani alimpenda Rosalia, watu walidhani kafa vitani. Fefè anamleta nyumbani kwa kisingizio cha kutengeneza michoro ya zamani iliyopo darini. Halafu ananunua tepurekoda. Hii sehemu ni tamu mno na Germi anaiachia inyooke. Fefè anaficha mashine, anajifungia chumba cha jirani na kusikiliza mkewe na mchoraji wanaongea, na wale wawili ni watu wenye aibu, hawafanyi chochote! Wanaongea mambo ya zamani, wanavuta pumzi, wananyamaza. Mume kule ndani anasononeka, anawaombea, yaani hebu shikaneni hata mikono jamani mimi nina ratiba. Na wakati huo huo kichwani kwake anasikia sauti ya wakili De Marzi inamtetea kwenye kesi ambayo bado haijatokea, sauti inasimulia kwa uchungu jinsi mteja wake, mume mwaminifu, alivyoletewa nyoka ndani ya nyumba yake, na sisi tunatazama huyo mume mwaminifu akiwa kapiga magoti anahangaika na waya za mashine. Utetezi umeandikwa kabla ya kosa. Sijui kama nimewahi kuona mahakama inachekwa vizuri namna hiyo.

Siku yenyewe inafika. Mjini kunaonyeshwa La Dolce Vita, muvi ya kweli ya 1960 ambayo kanisa liliipiga vita sana, na padri wa Agramonte anaipiga marufuku madhabahuni, kwahiyo mji mzima unakwenda. Ukumbi umejaa pomoni. Rosalia anasema kichwa kinamuuma anabaki nyumbani. Fefè anajua maana ya hicho kichwa, anakaa kidogo kwenye kiti anatoka nje kimya kimya kwenda kuchukua bastola. Na kuna utani ndani yake, La Dolce Vita staa wake ni Mastroianni huyo huyo. Yaani wanaume wa Agramonte wamekodoa macho kumtazama Mastroianni kwenye skrini huku Mastroianni mwingine mwenye mafuta ya nywele anawapita kwenye giza akienda kuua.

Anachelewa. Wameshatoroka, wapo stesheni, treni inaondoka.

Hapa ndo nilipokaa vizuri kwenye kochi, kwa sababu sheria ilitaka ufume, ukasirike, uue, moja kwa moja. Hasira ikipoa na kifungu kinapoa. Sasa mtu atakaaje na hasira ya moto wiki nzima wakati hana hata hasira yenyewe? Fefè anafanya kitu cha akili mno, anajilaza kitandani anageuka mgonjwa wa aibu, na kazi ya kukasirika anauachia mji. Na mji unaifanya. Barua zisizo na jina zinaingia kila siku za kumtukana. Mchumba wa dada yake anajitoa, hawezi kuoa kwenye ukoo uliochafuka. Klabu wanamkwepa. Kila anayemdharau anamwongezea ushahidi, na Fefè anazipokea zile barua kwa uso wa huzuni huku rohoni anashangilia, maana siku akiua hakuna atakayesema alipanga, watasema alichelewa.

Kuna mkutano wa chama cha kikomunisti kwenye hiyo hiyo sehemu, kaja ndugu mmoja kutoka kaskazini, msomi, anawaambia wenzake wa Sicily kwamba umefika wakati tulitazame suala la mwanamke kwa utulivu, kisasa, na anawauliza ndugu zangu huyu Rosalia anastahili hukumu gani? Ukumbi mzima wa wanamapinduzi unajibu kwa sauti moja, tusi moja, lile la malaya. Jamaa anabaki kaduwaa. Dakika moja tu hiyo sini na imemaliza kazi, huna haja ya kusoma kitabu kuhusu vyama vya siasa na wanawake.

Germi alikuwa mtu wa kaskazini pia, mzaliwa wa Genova, na Wasicily wengine walinuna kwamba mgeni kaja kuwacheka. Naelewa. Ila kifungu 587 hakikutungwa Sicily. Kilitungwa Roma na kikatumika nchi nzima. Na muvi yenyewe mwanzoni iliandaliwa iwe ya huzuni, dairekta alikuwa anajulikana kwa muvi nzito za watu wanaoteseka, walivyoanza kuandika wakaona mambo yenyewe ukiyaweka jinsi yalivyo yanachekesha, wakaacha yachekeshe. Mpaka leo aina hiyo yote ya muvi za Italia za miaka ya 60 inaitwa commedia all'italiana, yaani vichekesho kwa mtindo wa Kitaliano, na jina lilitokana na hii.

Turudi. Inabidi kuwe na kitu cha mwisho cha kumsukuma, mbele ya watu. Kinatokea mazishini. Ami yake, baba yake Angela, kafariki, mji wote upo barabarani nyuma ya jeneza, na anatokea mwanamke mmoja, anaitwa Immacolata, ni mke wa Carmelo mchoraji. Ndio, Carmelo alikuwa na mke, na watoto. Immacolata anamwendea Fefè kati kati ya msiba anamtemea mate usoni, kwamba wewe ni mwanaume gani, mkeo kamchukua mume wangu na wewe umekaa. Na kwenye uso wa Mastroianni unaona vitu viwili kwa pamoja, aibu kwa ajili ya umati, na chini yake raha tupu. Mate yale ndo risiti yake. Don Ciccio, mkubwa wa mafia wa pale, naye anajitolea kumtafutia walipo wale wawili. Na wanapatikana.

Fefè anafika na bastola yake na hata hapo kawahiwa. Immacolata ameshatangulia, ameshampiga mumewe risasi. Wanapishana. Halafu mlio wa pili ndio wa Rosalia.

Niliangalia na mke wangu na shemeji yangu, mdogo wake. Mpaka hapo wote tulikuwa tunacheka. Baada ya ule mlio mke wangu akauliza, huyu mwanamke kosa lake lilikuwa nini hasa? Nikataka kujibu nikakosa cha kusema. Alikuwa anaongea sana asubuhi? Shemeji akasema "sharubu si unanyoa tu." Tukacheka tena lakini sio kile kicheko cha mwanzo, na mi tangu hapo nimekuwa nafikiria hizo sharubu.

Kwa sababu nani katuambia Rosalia ni mbaya? Fefè. Muvi nzima ni sauti ya Fefè, inaanza yupo kwenye treni anarudi nyumbani kutoka jela na anatusimulia, anatuelezea mji wake na idadi ya watu wake na makanisa yake kama mwongoza watalii, mpole, mcheshi, anajua kuongea. Sisi ni mahakama yake ya pili. Rosalia tunamwona jinsi muuaji wake alivyopenda tumwone. Aliyemcheza ni Daniela Rocca, binti wa Sicily kweli, mrembo ambaye alianzia kwenye mashindano ya urembo, na watu wa mekapu ndio waliokaa naye kumbandika zile nyusi na kale kasharubu. Nikiirudia muvi nikijua hivyo naona mambo ambayo mara ya kwanza sikuyaona. Rosalia akiwa na Carmelo, mahali ambapo Fefè hamtazami, anasikia sauti tu kupitia ukuta, yule mwanamke anaongea taratibu. Haulizi unanipenda kiasi gani. Haongei bila kikomo. Kumbe ile kelele ya asubuhi ilikuwa ni ya mtu anayemwongelesha ukuta na yeye anajua ni ukuta.

Kuna watu wanasema muvi hii imemdhalilisha Rosalia, imemfanya kikaragosi. Mi naona kinyume ila siwezi kulazimisha, maana ukweli ni kwamba muvi inakuomba ucheke kifo chake mara kadhaa kabla hajafa na wengine wanaishia hapo hapo kwenye sabuni. Ninachosema ni kwamba yeye ndo mtu pekee kwenye ile nyumba ambaye hakudanganya kuhusu anachotaka. Alimpenda mumewe akamwambia. Akampenda mwingine akaondoka na treni. Hakupanga kumuua mtu.

Na sheria za ugoni za Italia ya wakati ule zilikuwa hivi: mke akizini ni kosa la jinai, mume akizini sio kosa mpaka aweke huyo mwanamke nyumbani au kila mtu ajue. Mahakama ya katiba iliulizwa mwaka 1961 kama hiyo ni sawa ikasema ni sawa, ndo mwaka huo huo wa hii muvi, ikaja kubadilisha mawazo mwaka 1968. Kwahiyo Rosalia kule mafichoni alikuwa ni mhalifu tayari kabla hajapigwa risasi. Fefè na dirisha lake la bafuni hakuwa na kosa lolote. Hiyo hakuna mwandishi wa vichekesho aliyeitunga.

Immacolata nae ananisumbua. Kifungu kilisema anayemuua "mwenzi" wake, hakikusema mume peke yake, kwahiyo kwenye karatasi na yeye angeweza kukitumia. Ila angalia tofauti. Yule mama kapoteza mume kikweli, kakasirika kikweli, kaja kwa miguu yake kaua kwa hasira hiyo hiyo ambayo sheria iliandikwa eti kwa ajili yake. Kwenye muvi nzima ni yeye peke yake aliyefanya uhalifu wa heshima wa kweli, na anapita kwenye skrini dakika chache tu kisha basi, hakuna aliyemwandikia hotuba. Hotuba alikuwa nayo yule aliyejipaka mafuta.

Fefè kapigwa miaka mitatu, na hapo kuna msamaha ukampunguzia. Anarudi, heshima imesafishika, anamuoa Angela. Hapo unaweza kudhani imeisha, mbaya kashinda, kicheko cheusi, tuzime tukalale. Sini ya mwisho wapo kwenye boti, jua, bahari ya Sicily, Fefè kapata kila alichokitaka anafumba macho anambusu mkewe mpya, na kamera inashuka taratibu mpaka miguuni. Mguu wa Angela upo juu ya mguu wa kijana anayeendesha boti. Unapapasa.

Mke wangu akasema safi sana. Shemeji akasema hapana, sasa na huyu atamuua. Wakaanza kubishana hapo na mi nikawa na jibu la kisheria mdomoni, kwamba kifungu kilikuwa na miaka 20 mingine ya kuishi kwahiyo kwa hesabu za Fefè ndio, anaweza, na safari hii hatahitaji kumtafutia mtu mchoraji. Bunge la Italia lilipitisha talaka Desemba 1970, wapinzani wakaitisha kura ya maoni Mei 1974 ili ifutwe, wananchi asilimia 59 wakasema ibaki. Germi alifariki Desemba ya mwaka huo huo. Kifungu 587 hakuwahi kuona kinafutwa.

Kuna ndugu yake hii muvi, Germi aliitengeneza 1964, Sedotta e abbandonata, yaani aliyerubuniwa akaachwa, na Stefania Sandrelli aliyecheza Angela yupo tena. Hiyo inahusu kifungu kingine, kile kilichosema mwanaume aliyembaka au kumharibu binti akimuoa kesi inaisha, nacho kilifutwa siku moja na hiki cha 587, sheria ile ile ya 1981. Ni kali zaidi, inapiga kelele zaidi, kila mtu ndani yake anatoka jasho. Wengine wanaipenda kuliko hii. Mi bado nipo na Fefè na ile tss yake, hasa kwa sababu ya tepurekoda, ila kama una binti nyumbani wa umri wa kuelewa anza naye na hiyo ya pili, halafu kaa tayari kujibu maswali.